Meli Bila Gati: Ufikivu wa Teknolojia Uanzie Darasani

Kwa miongo mingi, msafiri wa Ziwa Tanganyika aliyetaka kushuka katika kijiji chake hakushukia gatini. MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande na kuunganishwa huko, ilisimama mbali kidogo na ufuko, ikapiga honi, na mitumbwi ikatoka kijijini kuifuata. Mwenye nguvu za miguu alirukia mtumbwini. Mjamzito alishikwa mikono na watu wawili. Mzee alibebwa mgongoni. Asiyeona aliambiwa "sasa!", naye akaruka kwa kuamini sauti ya mtu asiyemjua. Katika miaka ya karibuni magati yamejengwa katika baadhi ya vituo, yakiwamo Kagunga upande wa kaskazini na Karema upande wa kusini, na aliyewahi kusafiri kwa utaratibu wa zamani haambiwi maana ya gati.

Huikumbuka safari hiyo kila ninaposikia mfumo mpya wa kompyuta umezinduliwa. Meli ilikuwa imefika, hilo halikuwa na ubishi. Ratiba ilisema hivyo na daftari la nahodha likaandika hivyo. Lakini kati ya meli na nchi kavu palikuwa na maji, na kila abiria aliachiwa ayavuke kwa mwili aliojaliwa.

Leo mwambao huu, kuanzia Kagunga hadi vijiji vya Uvinza, unafikiwa na meli za namna nyingine: fedha za simu, ujumbe wa kliniki, kumbukumbu za wagonjwa zilizohamishwa kutoka kwenye mafaili kwenda kwenye kompyuta, mashine za kutambua alama za vidole. Hoja yangu katika makala haya ni moja. Teknolojia hizi zinawaacha majini watu wenye ulemavu, wazee na wagonjwa kwa sababu waliozisanifu hawakufundishwa kuwafikiria. Na kwa kuwa kosa linazaliwa darasani, tiba yake haina budi kuanzia darasani, katika mitaala ya kompyuta na katika mitaala yetu ya afya.

Ufikivu ni nini

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Ufikivu ni ile sifa ya huduma, kifaa au mahali inayomwezesha mtu kukitumia mwenyewe, kwa usalama na heshima, awe anaona au haoni, anasikia au hasikii, anatembea kwa miguu au kwa kiti mwendo. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo wa uainishaji unaoutazama ulemavu kama matokeo ya kukutana kwa hali ya afya ya mtu na mazingira anamoishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unafuata mkondo huohuo. Kifungu chake cha 9 kinataja teknolojia ya habari na mawasiliano bega kwa bega na majengo, barabara na vyombo vya usafiri. Mwaka mmoja baadaye Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya ufikivu hatuombi fadhila. Tunazungumza juu ya wajibu ambao nchi imekwisha kuukubali.

Kwa sisi wa fani ya afya, mtazamo huu una maana ya kitabibu. Daktari anayepima macho na kuandika kiwango cha uoni wa mgonjwa amepima upande mmoja tu wa mzani. Upande wa pili ni ukubwa wa herufi kwenye simu ya mgonjwa huyo, rangi ya kibao cha kliniki, na sauti ambayo mashine inatoa au haitoi. Mgonjwa yuleyule, mwenye macho yaleyale, atakuwa mtu anayejitegemea au mtu anayeongozwa, kutegemea upande huo wa pili umesanifiwaje.

Wala hatuzungumzii watu wachache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 1.3, takriban mmoja kati ya kila sita duniani, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Mwaka huohuo, shirika hilo pamoja na UNICEF walikadiria kwamba watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, kama vile miwani, kiti mwendo, kifaa cha kusikia au programu ya mawasiliano. Na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata kifaa wanachokihitaji ni asilimia 3 tu. Mkoa wa Kigoma, wenye watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya mwaka 2022, hauwezi kuwa nje ya hesabu hizo.

Kutoka kibanda cha wakala hadi wodi ya wazazi

Msomaji anayetaka kuona jambo hili kwa macho yake akae nusu saa katika kibanda cha wakala wa fedha za simu, Kibirizi au sokoni Ujiji. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za namna hiyo zilipofuata, mvuvi wa dagaa aliweza kuwatumia fedha wanawe walioko shule bila kumkabidhi dereva wa basi bahasha. Ni maendeleo makubwa. Lakini kwa mwenye simu ndogo ya vitufe, huduma hiyo hupita katika menyu ya maandishi: anabonyeza nyota, tarakimu na reli, anasoma orodha, anachagua, anaandika namba ya siri, na akichelewa, menyu inakatika, naye anaanza upya. Simu hiyo haizungumzi.

Nimewahi kumwona mzee asiyeona akifika kwa wakala kijana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Naomba unitolee elfu ishirini."

"Namba ya siri, babu?"

Mzee aliinama akamnong'oneza sikioni, na watu watatu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakatazama pembeni kwa adabu. Kijana yule alikuwa mwaminifu; alihesabu noti kwa sauti, moja moja, akamwekea mzee mkononi. Hata hivyo akiba yote ya mzee ilikuwa salama kwa sababu tu siku hiyo alimkuta mtu mwema. Mwenzake anayeona hulindwa na namba ya siri. Yeye hulindwa na tabia za watu.

Sasa tuweke afya mahali pa fedha. Jibu la kipimo cha VVU, taarifa ya ujauzito, tarehe ya kuchukua dawa za kifua kikuu: haya ni mambo ambayo maadili ya taaluma yetu yanatukataza kuyatamka mbele ya mtu mwingine. Lakini tukimtumia asiyeona ujumbe wa maandishi katika simu isiyozungumza, ataupeleka kwa jirani amsomee. Siri ya mgonjwa itakuwa imevunjwa, na hakuna daktari wala muuguzi atakayeulizwa, kwa kuwa aliyeivunja ni muundo wa huduma.

Huduma zenyewe ni njema, na ndiyo maana inafaa kuzitazama kwa makini. Mwaka 2012 ilizinduliwa Wazazi Nipendeni, kampeni iliyowatumia wajawazito na familia zao ujumbe mfupi wa simu bila malipo, wa kuwakumbusha mahudhurio ya kliniki na dalili za hatari. Baadaye ukaja mfumo wa m-mama, ambao mtu hupiga namba 115 bila malipo na mjamzito au mtoto mchanga aliye katika dharura akapangiwa usafiri wa kumfikisha hospitali. Katika mkoa wenye vijiji ambavyo njia ya haraka ya kufika kituo cha afya ni boti, thamani ya namba kama hiyo haihitaji maelezo. Lakini zitazameni huduma hizi mbili pamoja. Ya kwanza inategemea maandishi: humfikia kiziwi aliyesoma, humpita asiyeona na asiyejua kusoma. Ya pili inategemea sauti: humfikia asiyeona, na humwacha mama kiziwi aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane akiitazama simu yake mpaka apatikane mtu wa kumpigia. Kila moja ina mlango mmoja. Kanuni ya kwanza ya ufikivu, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuielewa kwa dakika tano, ni kwamba kila huduma muhimu iwe na milango miwili, wa sauti na wa maandishi, ili anayeukuta mmoja umefungwa apite mwingine.

Mfano wa tatu ni vidole. Tangu mwaka 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole, na mifumo mingine ya utambulisho imefuata njia hiyo. Mwambao huu una watu waliovuta nyavu na kushika jembe kwa miaka 40. Mistari ya vidole vyao imechakaa kama maandishi ya sarafu ya zamani. Wapo waliopoteza vidole kwa ukoma, kwa moto au kwa ajali. Mashine inapowakataa, mhudumu huwaambia wapanguse mikono wajaribu tena, kana kwamba kosa ni la mikono. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri angejiuliza swali hili tangu siku ya kwanza ya kuchora mfumo: je, asiye na alama za vidole atatambuliwa kwa njia gani?

Na wakati mwingine jambo halihitaji hata umeme. Katika kituo kimoja cha afya niliona mama kiziwi akikaa benchini tangu asubuhi. Jina lake liliitwa mara tatu, kisha faili lake likawekwa chini ya mengine. Alihudumiwa mchana, baada ya mtoto aliyekuwa jirani yake kugundua kinachoendelea. Vipande vya karatasi vyenye namba na ubao wa chaki wa kuonyesha namba inayoingia vingelimaliza tatizo hilo. Anayefikiri kwamba ufikivu ni anasa ya nchi tajiri aukumbuke ubao huo wa chaki.

Funzo la Kabanga

Kabanga, wilayani Kasulu, ni jina linalojulikana nchini kwa huzuni na kwa matumaini. Tangu mwaka 2008, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi, shule ya hapo ilikuwa kimbilio la watoto waliokimbizwa kuokoa maisha yao. Tulipowazungumzia watoto hao, tulizungumza kwanza juu ya ulinzi, kisha juu ya ngozi na jua. Yote mawili yalistahili. Lakini kuna jambo la tatu linalogusa kila saa ya maisha yao darasani, nalo ni macho.

Ualbino ni hali ya kurithi inayotokana na upungufu wa melanini. Melanini huhitajika pia katika ukuaji wa jicho, na pale inapopungua, sehemu ya katikati ya retina inayotupa uoni mkali haikomai ipasavyo. Macho huchezacheza yenyewe, na mwanga mkali huumiza. Miwani inaweza kusaidia, lakini haiwezi kuijenga upya retina. Ndiyo kusema kwamba sehemu kubwa ya tiba ya mtoto huyu iko nje ya jicho lake: kofia yenye ukingo mpana, dawati la mbele mbali na dirisha lenye jua, kioo cha kukuza, maandishi makubwa, na, siku hizi, skrini anayoweza kuikuza na kuigeuza rangi.

Hapa ndipo msanifu wa programu anapokuwa sehemu ya timu ya tiba, apende asipende. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1999, na toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023. Inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijana mbunifu anayechagua herufi za kijivu hafifu juu ya nyeupe kwa sababu zinapendeza amemfungia nje mtoto wa Kabanga kwa uamuzi wa sekunde moja. Na anayezuia skrini isikuzwe, jambo linalofanywa kwa mstari mmoja wa programu, amemnyang'anya kioo chake cha kukuza.

Faida ya kusahihisha makosa hayo haiishii Kabanga. Mvuvi aliyesimama Katonga saa sita mchana, jua likimulika maji na maji yakimulika simu yake, huhitaji tofauti ileile ya rangi anayoihitaji mtoto mwenye ualbino. Mama mwenye mikono iliyolowa maji ya samaki huhitaji kitufe kikubwa kama anachokihitaji mzee anayetetemeka mkono. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye macho yaliyochoka huhitaji herufi zilezile kubwa. Anayesanifu kwa ajili ya aliye na shida zaidi huwasaidia wengi ambao hawakuwa katika mawazo yake.

Kosa linapozaliwa

Basi kosa huzaliwa wapi? Kwa maoni yangu huzaliwa katika zoezi la kwanza. Mwanafunzi wa kompyuta hupewa kazi ya kutengeneza fomu ya kusajili wagonjwa. Hupewa alama kwa fomu kuhifadhi taarifa, kwa kutokuruhusu tarehe isiyowezekana, kwa kufanya kazi upesi. Hakuna anayemuuliza kama fomu hiyo inaweza kujazwa bila kipanya, kama kila kisanduku kina jina linaloweza kusomwa kwa sauti, au kama kosa huonyeshwa kwa rangi nyekundu peke yake, rangi ambayo baadhi ya watu hawaitofautishi na kijani. Anahitimu akiwa na cheti kizuri. Miaka mitatu baadaye fomu yake imo katika zahanati.

Niutoe mfano mmoja mdogo, kwa kuwa unatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Ukurasa wa tovuti ulioandikwa vizuri huwa na mahali panapotaja lugha yake. Herufi mbili, sw, huiambia programu ya kusoma skrini kwamba maandishi ni ya Kiswahili. Vijana wengi hunakili kiolezo kilichokwisha kuandikwa en, yaani Kiingereza, wakakiacha hivyo. Asiyeona anapofungua ukurasa huo, sauti ya Kiingereza inaanza kumsomea Kiswahili, na maneno kama "chanjo ya mtoto" au "dawa mara tatu kwa siku" yanatoka yamevunjikavunjika hata hayatambuliki. Sauti ya Kiswahili ipo. Hata eSpeak, programu ya usemaji isiyolipiwa, inayo. Gharama ya kosa hilo ni herufi mbili. Gharama ya kutolijua ni mgonjwa kutojua kipimo cha dawa yake.

Hili halimaanishi kwamba walimu wetu ni wazembe kuliko wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya walimu wa kompyuta katika vyuo vya Marekani ulipata majibu ya walimu 1,857, na kati yao 375 ndio waliosema kwamba wanafundisha ufikivu. Vikwazo walivyovitaja ni pamoja na kukosa malengo ya kujifunzia yaliyo wazi, na wao wenyewe kutokuwa na maarifa ya kutosha. Mwalimu hufundisha alichofundishwa. Pasipo mtu kuukata mnyororo huo, kila kizazi cha wasanifu kitarithisha upofu wake kwa kinachofuata.

Hoja za wanaopinga

Ninazijua hoja zinazotolewa. Ya kwanza husema mtaala umejaa, hakuna nafasi ya somo jipya. Nami siombi somo jipya. Somo la pekee, la hiari, la muhula wa mwisho, huwapata wale tu ambao tayari wana moyo huo. Ninachoomba ni alama. Fomu isiyojazika kwa kibodi peke yake ipunguziwe alama katika somo la kwanza la kutengeneza tovuti, kama inavyopunguziwa fomu inayopoteza taarifa. Wanafunzi ni watu wenye akili. Husoma kile kinachopimwa.

Ya pili husema tuanze na umeme, mtandao na vifaa, ndipo tufikirie ufikivu. Hoja hii ina uzito, na anayeishi mwambao wa kusini mwa Kigoma, ambako simu hutafuta mtandao juu ya kilima, hawezi kuidharau. Lakini haya hayashindani. Mfumo ukijengwa sasa bila ufikivu, utakuja kubomolewa na kujengwa upya kwa fedha nyingi zaidi, au, jambo linalotokea mara nyingi zaidi, hautabomolewa kamwe. Fundi mwashi huacha nafasi ya mlango mpana kabla ya kupandisha ukuta. Kuupanua baadaye ni kuvunja.

Ya tatu husema tutawafundisha wanafunzi huruma: wafungwe vitambaa machoni, wakae kwenye kiti mwendo kwa saa moja, wataelewa. Hapa naomba tuwe waangalifu. Aliyefungwa kitambaa kwa saa moja hajifunzi kutoona; anajifunza woga wa mtu aliyepotea njia ghafla. Hutoka darasani akiwahurumia wasioona, na akiwadhania hawawezi. Asiyeona aliyezoea kisoma skrini hukisikiliza kwa kasi ambayo mimi na wewe hatuambulii neno. Huyo ndiye wa kusimama mbele ya darasa, na alipwe kama mtaalamu mwingine yeyote anayealikwa kufundisha.

Tufanye nini

Kigoma imo katika wakati mzuri wa kuanza. Kupitia mradi wa HEET, ambao pia umevisaidia vyuo vikuu vya umma kupitia upya mitaala yao, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimepata kampasi mkoani humu. Mtaala unapokuwa mezani kalamu iko mkononi. Ukishapitishwa, hupita miaka kabla haujafunguliwa tena. Nina mapendekezo manne.

Kwanza, kila shahada na stashahada ya kompyuta iweke ufikivu katika malengo ya kujifunzia ya masomo yake ya msingi, na katika mitihani yake. Mhitimu awe anaweza kuijaribu kazi yake kwa kisoma skrini, kwa kibodi peke yake, na kwa simu ndogo ya vitufe. Zana hazilipiwi: NVDA, kisoma skrini cha kompyuta, hutolewa bure, na simu janja nyingi huwa na kisoma skrini ndani yake tangu dukani.

Pili, vyuo vya afya na vyuo vya kompyuta vipeane wanafunzi. Mwanafunzi wa udaktari, wa uuguzi au wa tiba ya macho anajua mkono unaotetemeka unafanya nini, na uoni hafifu unaacha nini. Mwanafunzi wa kompyuta anajua kipi kinawezekana. Mradi mmoja wa pamoja kwa mwaka, ukihusu tatizo halisi la mgonjwa halisi wa Ujiji au Kasulu, utawafundisha wote wawili kuliko mihadhara kumi. Nasi wa afya tujifunze kuandika mahitaji haya katika faili la mgonjwa: "hasikii, aitwe kwa ishara na atumiwe maandishi" ni maelekezo ya kitabibu yenye uzito kama aina ya damu.

Tatu, watu wenye ulemavu waingie katika fani ya kompyuta kama wasanifu. NVDA niliyoitaja ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona, akaungana naye James Teh, naye asiyeona, kwa sababu visoma skrini vilivyokuwapo viliuzwa kwa bei ambayo wengi wasioona hawakuimudu. Hawakusubiri mtu mwenye macho awaonee huruma. Yawezekana kabisa kwamba mtu atakayeifanya menyu ya fedha za simu izungumze Kiswahili fasaha yuko leo katika darasa la shule ya msingi mkoani Kigoma, akigusa nukta nundu kwa vidole vyake. Swali ni kama shule ya sekondari itakayompokea itakuwa na kompyuta inayozungumza, na kama atakapoomba chuo ataambiwa kwamba fani hii si ya watu kama yeye.

Nne, hospitali na halmashauri zinaponunua mfumo, ziandike ufikivu katika masharti ya zabuni, na zipokee kazi baada tu ya mtu asiyeona, kiziwi na mzee kuijaribu mbele ya kamati. Vyuo vitafundisha kwa bidii zaidi siku waajiri watakapoanza kuuliza.

Msomaji ambaye si mwalimu wala msanifu naye ana la kufanya, na linaweza kufanyika leo jioni. Fungua huduma unayoitumia kila siku kwa simu yako, uwashe kisoma skrini kilichomo katika mipangilio ya ufikivu, usikilize. Ukisikia neno "kitufe, kitufe, kitufe" bila jina la kitufe, umeusikia ukingo wa meli unapoishia na maji yanapoanza. Andika barua kwa wenye huduma hiyo, uwaambie ulichosikia.

Yule mzee wa kibandani alipomaliza, alizikunja noti zake, akamshukuru kijana, akaomba aelekezwe njia. Hakulalamika. Vizazi vya abiria wa ziwa hili navyo vilishuka mtumbwini bila kulalamika, na ukimya wao ulidhaniwa kuwa ni ridhaa, hadi walipokuja watu wenye ujuzi wa kujenga magati, ambao walikuwa wamefundishwa kazi hiyo chuoni.